Uzinduzi wa Chuma cha Kushikia kwenye Ngazi za Ballyskerry

Kabla yangu bahari hii ilikuwepo, sikatai, lakini haikuwa na mwenyekiti. Ilijaa ikitaka, ikapwa ikitaka, kama mtoto asiye na mzazi, mpaka nilipochaguliwa mimi, Malachy Tuohy, kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Waogeleaji, kwa kura za kishindo za watu wote walioingia ukumbini siku ile kukwepa mvua. (Kicheko.)

Mheshimiwa Padri Killian, mwakilishi wa mbingu katika ufukwe huu; Mheshimiwa Dessie Colfer, mwenye gari la aiskrimu, ambaye hata mwezi wa Desemba ameleta aiskrimu kwa uzalendo; waheshimiwa waogeleaji wa kila siku, waogeleaji wa jua kali tu, na nyinyi mnaokuja na chupa za chai kila Jumapili mkisema mtaogelea kesho; Bibi yetu Attracta Hanratty, mama wa bahari, uliyekaa pale kwenye benchi na kofia yako ya mpira kichwani; wageni wetu mlioshuka kwenye treni ya Dublin mkidhani hapa kuna jua; mpwa wangu Sorcha, msaidizi maalumu wa ofisi yangu; mke wangu Philomena, ambaye amenionya nisizidishe; mbwa wenye kamba na mbwa wasio na kamba; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Naomba mkae.

(Sauti: "Tukae wapi, mwamba una barafu?")

Basi simameni kwa heshima.

Ndugu zangu, tumekusanyika hapa asubuhi hii tukufu ya Krismasi, siku ambayo kila mwaka Ballyskerry yote huogelea, baada ya misa na kabla ya bata mzinga, nyinyi mkiwa mmevaa majoho ya kuogea na kofia nyekundu za sikukuu, miguu yenu ikiwa imegeuka rangi ya buluu ya maendeleo, ili tushuhudie kilele cha Mradi Mkakati wa Mshiko Endelevu, mradi ambao mimi niliubuni, nikauratibu, nikausimamia, na jioni nikajipongeza kwa niaba yenu, mradi ambao matokeo yake yapo hapo kwenye ngazi ya juu, chini ya shuka hilo jeupe. (Makofi machache. Wengi mikono iko kwapani.)

Tukumbushane tulikotoka. Kwenye ngazi hizi kulikuwa na chuma cha kushikia, kilichowekwa na mababu zetu kwa nia njema lakini bila dira. Kilikuwa imara, ni kweli. Watu walikishika wakashuka majini, wakakishika tena wakapanda, ni kweli. Lakini je, kilikuwa shirikishi? Je, kiliendana na karne? (Mbwa anabweka.) Asante, huyo ameelewa. Ndiyo maana wakati wa Pasaka kamati yangu, katika awamu ya kwanza ya utekelezaji, ilikiondoa chuma hicho kwa mafanikio ya asilimia mia moja.

(Bibi Attracta, kutoka kwenye benchi: "Mlikiondoa mkaniondoa na mimi! Tangu Pasaka sijagusa maji, Malachy. Nyonga hii haishuki ngazi yenye utelezi bila kitu cha kushika. Na Krismasi sijawahi kukosa, tangu nilipokuwa msichana wa nywele za kusuka!")

Bibi yangu, kilio chako nimekipokea, nimekithamini, kiko kwenye mchakato. Na leo, kama nilivyokuahidi mbele ya kanisa zima, utaogelea.

("Niliahidiwa hivyo Juni.")

Juni tulikuwa kwenye upembuzi yakinifu. Nyinyi mnadhani chuma ni chuma tu, unakichomeka, unakwenda zako nyumbani! Wataalamu wangu, yaani mimi na jamaa fulani wa baa ya kona, tulifanya utafiti wa kina tukagundua kwamba asilimia mia na kumi na nne ya wakazi wa Ballyskerry wana mikono, na kwamba kila mwenye mkono ni mdau wa kushika. Sasa utawekaje chuma bila kuwashirikisha wadau wote hao? Hapo ndipo Agosti ilipokwenda. Septemba tulijadili rangi. Oktoba kulikuwa na upepo.

(Dessie Colfer: "Novemba?")

Novemba tulitathmini ule upepo.

(Dessie: "Malachy, fungua hilo shuka uingie majini, tunaganda! Unajua desturi!")

Naijua desturi, Dessie, mimi ndiye mlinzi wake. Kila mtoto wa Ballyskerry anajua kwamba chochote kinachozinduliwa hapa Ngazini, liwe benchi au boya la kuokolea, mzinduzi ndiye anayetangulia majini, na hakuna anayelowesha hata kidole kabla yake, la sivyo mwaka mzima samaki wetu, makrili, hawasogei pwani. Desturi nzuri sana. Naiheshimu. Nitaizungumzia kwa mapana kuelekea mwisho wa hotuba, ambayo sasa naingia kwenye utangulizi wake. (Miguno.)

Wapo wanaouliza pembeni, eti Mwenyekiti ana sifa gani za kuongoza waogeleaji. Waogeleaji! Mimi ndiye niliyeingia hapa hapa siku ya ukungu, nikanyoosha mikono mara chache tu, ya kupasha misuli, nikaibukia Wales, ng'ambo ya bahari! Mama mmoja wa kule akanipa chai na mkate wa zabibu, akaniuliza, "Umetoka wapi, mwanangu?" Nikamjibu, "Ballyskerry." Akalia. Alilia kwa wivu, ndugu zangu. Nikarudi kabla ya rozari, upepo ukinipiga usoni, na sili mmoja, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, mkubwa kama kochi, akinifuata nyuma kwa adabu, na mpaka leo sili huyo akiniona nimesimama kwenye ukuta wa pwani huinamisha kichwa.

(Dessie: "Alikuambia jina lake?")

Aliniambia, lakini ni siri ya kazi. Na si nyinyi mnaoniona kila asubuhi nikitokea upande wa vyoo vya umma, nywele zikichuruzika maji, taulo begani, nikiwapungia mkono na kuwaambia nini?

(Umati, kwa uchovu: "Ukishaingia, raha!")

Sijasikia!

("Ukishaingia, raha!")

Hiyo ndiyo kaulimbiu yetu! Mtu akiwauliza maji yakoje, hata kama meno yenu yanagongana kama vikombe kwenye toroli, mnajibu hivyo hivyo, ukishaingia, raha. Huo ndio utaifa.

(Sorcha, mpwa wake: "Mjomba, mbona kaptula yako ya kuogelea bado ina karatasi ya dukani?")

Sorcha, mwanangu, hiyo ni kaptula ya kiofisi. Ya kazi iko kwenye kamba.

Sasa nizungumzie awamu ya tatu. Kufikia mwakani, hapa mnapopaona, mwamba, mwani na kopo la bia la yule bwana, patakuwa na chumba cha mvuke cha ghorofa mbili, dirisha la kuuzia wiski ya moto yenye karafuu kwa bei ya kirafiki, ngazi ya umeme ya kuwashusha wazee majini na kuwarudisha wakiwa wamekauka, na makubaliano ya pande mbili na mawingu kwamba mvua inyeshe usiku tu. (Mtu mmoja anapiga makofi. Ni kwa ajili ya kupasha mikono moto.)

(Dessie: "Malachy! Maji yanakupwa! Tazama, ngazi ya chini imeshaanza kuonekana! Ukiendelea hivi tutaogelea kwenye mwani!")

Maji nayo ni mdau, Dessie. Tuyape nafasi.

(Dessie: "Aha! Jamani, huyu anangoja maji yaondoke!")

Hayo ni maneno ya wapinga maendeleo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake...

(Dessie: "Na wahenga hao hao wakasema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge! Vua joho, Mwenyekiti!" Umati: "Vua! Vua! Vua!")

Nitavua, nitavua! Kuvua nako kuna awamu zake. Naanza na skafu. Hii hapa. Nani ataniambia sikuanza? Padri Killian, hukuwa na sala ndefu kidogo uliyotaka kutusomea?

(Padri Killian: "Sina, mwanangu. Nimeshavua viatu.")

Sawa. Basi nawaombeni utulivu, kwa sababu tendo la kufungua shuka ni tendo zito, si la kukimbilia, na ningependa kwanza niwatambue wote waliochangia mawazo, kwa majina, nikianza na herufi... (Upepo mkali unavuma kutoka baharini.) Shikeni hilo shuka! Sorcha, shika! Shika mwanangu!

(Shuka linaruka, linamfunika mbwa. Kwenye ngazi ya juu kimesimama kianikio cha nguo cha mbao, kimefungwa kamba ya viatu kwenye jiwe. Kina soksi mbili.)

(Philomena: "Malachy Tuohy! Kianikio changu! Nimekitafuta nyumba nzima, nikamshuku dada yangu!")

Ndugu wananchi, kama mnavyojionea wenyewe, huu ni mfano wa majaribio.

(Philomena: "Na soksi?")

Soksi ni za kuonyesha mwelekeo wa upepo. Naomba tusicheke. Naomba tusicheke, kuna waandishi wa habari.

(Sorcha: "Hakuna, Mjomba.")

Basi chekeni.

(Bibi Attracta anainuka kwenye benchi. Anakuja polepole na mkongojo wake, mpaka mbele ya kipaza sauti. Kicheko kinakatika.)

Bibi, tafadhali, ratiba haina...

("Nyamaza, Malachy. Unajua nani aliianzisha desturi ya mzinduzi kutangulia? Bibi yangu mzaa mama. Siku hiyo mkubwa mmoja alikuja kuzindua ngazi hizi akaongea mpaka watoto wakaanza kukohoa. Bibi yangu akamwambia, kuanzia leo, anayefungua ndiye anayeingia kwanza. Makrili hawahusiki. Aliianzisha ili nyinyi wakubwa mseme maneno mafupi. Na wewe, kwa kuiogopa, umenizuia miezi yote hii." Anavua joho. Ndani amevaa vazi jeusi la kuogelea. "Dessie, nipe bega.")

Bibi Attracta, kwa mamlaka niliyopewa...

(Dessie Colfer anashuka ngazi ya kwanza, anatoa bega lake. Padri Killian anashuka ya pili akisema, "Yesu wangu, baridi!" Watu wa Dublin wanaingia nao. Wanapanga mistari miwili kwenye ngazi, bega kwa bega, mpaka walio ngazi ya chini wamefikwa na maji kiunoni. Bibi Attracta anashika bega moja, anashika jingine, anashuka.)

Kama mnavyoshuhudia... kama mnavyoshuhudia, ndugu zangu, awamu ya pili inatekelezwa mbele ya macho yenu, chuma cha kisasa chenye miguu, kinachojipasha moto chenyewe, hakishiki kutu, na bei yake... Bibi, taratibu hapo! Hapo pana utelezi! Padri, msogelee! Mshike mkono, Padri, msogelee!

(Bibi Attracta anaachia bega la mwisho. Anazama. Kofia ya mpira inapotea. Kisha inaibuka mbali kidogo, na sauti: "Mama yangu wee! ... Ukishaingia, raha!" Umati mzima unapiga ukelele na kujitupa majini. Ngazini anabaki mzungumzaji, na kipaza sauti, na kianikio.)

Basi. Nadhani hotuba imefika ukingoni. Ballyskerry hoyee! (Wanarushiana maji.) Mshiko Endelevu hoyee!

Nimshukuru mke wangu kwa kianikio. Nimshukuru Bibi Attracta, aliyeokoa ratiba. Niwashukuru nyote kwa subira yenu kuhusu chuma cha kushikia, chuma ambacho, nikiri, hakikuagizwa, hakikuchorwa, wala hakuna fundi yeyote aliyewahi kukisikia, kwa sababu kingekuja kingezinduliwa, na kingezinduliwa mimi ndiye ningetangulia.

(Bibi Attracta, kutoka majini: "Malachy! Acha kuongea na hewa! Njoo, nitakushika mwenyewe!")

Nakuja, Bibi! Nakuja! Nisubiri hapo hapo penye ngazi, usiende mbali.

Sorcha, mwanangu, zima hicho kipaza sauti. Kimezimwa? Basi nikuambie wewe peke yako, usimwambie mama yako. Zile nywele za kila asubuhi, ni bomba la chooni. Na hiyo kaulimbiu, ukishaingia raha, mimi huwa nasikia tu watu wakisema.

(Umati, kutoka majini, kwa sauti moja: "Hakijazimwa!")