Lori Tupu Lililowika

Leo nimeumbuka.

Nawaandikia haraka, wenzangu wa ofisi ya Mbeya, kwa sababu kesho dereva Sanga anarudi huko, na Sanga mnamjua, hawezi kusimulia kitu bila kuongeza chumvi. Mimi nawapa ukweli mtupu. (Nitaupunguza kidogo pale unaponiaibisha sana.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhamisha ofisi ya Iringa. Tunatoka kule sokoni tunakuja pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Kalenga, kwenye nyumba yenye baraza pana. Na mnakumbuka Mzee, mkubwa wetu wa kazi, alivyoniambia mbele yenu: "Ambakisye, sasa wewe ni karani tu. Lakini watu wa kule wakikupokea vizuri, tawi ni lako." Ni kweli, huwezi kumuuzia cherehani mtu aliyekununia. Basi nikajipanga. Nikavaa ile suti ya kijivu ya mikono mifupi, kama ya wakubwa, kalamu mbili mfukoni, nikatangulia kwa baiskeli asubuhi ili nitoe taarifa.

Nilimtafuta kwanza balozi wa nyumba kumi. Hayupo, kaenda shambani. Sikujali. Wananchi wenyewe walikuwa pale bombani wanachota maji, na mimi tangu lini nikashindwa kuongea na watu?

"Kamwene," nikawasalimu kwa Kihehe. (Ndicho Kihehe chote ninachokijua, ila nilikisema kwa mamlaka.)

"Kamwene," wakaitika.

"Ndugu wananchi, leo lori linakuja hapa. Kazi ni ya kuhama, na itaisha leo leo. Vitu vizito vinatangulia, vya kuvunjika vinafuata. Naomba njia iwe wazi na pasiwe na ubishi. Kila kitu kina mahali pake."

Mmoja akafunga bomba. Nikadhani ni heshima.

Bibi mmoja aliyekuwa na ndoo, anaitwa Bibi Kikoti, akauliza, "Na kuku je, baba?"

Nikawakumbuka kuku niliowakuta wakilichafua baraza letu. "Kuku wafungwe," nikasema.

"Na mahindi? Bado yako shamba."

Swali la ajabu, lakini kiongozi hakosi jibu. "Mahindi hayahusiki, bibi. Yabaki huko huko."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akauliza polepole, "Ni huko Idodi?"

Moyo wangu ukafurahi kweli. Hatujafungua hata mlango, tayari mtu anaulizia huduma mpaka Idodi. "Idodi nako tutafika, mzee wangu. Hatua kwa hatua."

Yule mzee akavua kofia, akaondoka. Nikamwona kama mtu aliyeguswa na hotuba.

Lori likaja. Vibarua wakashusha meza, kabati la mafaili, taipureta na cherehani za maonyesho, kisha wakaenda na Sanga kunywa chai. Mimi nikabaki ndani napanga. Meza ya msimamizi nikaiweka dirishani. (Nikaikalia kidogo, kupima urefu.) Nje nikasikia watu wengi, vishindo, vitu vinaburutwa. Nikachungulia upenyoni mwa pazia, nikaona mtu kapita na kitanda kichwani. Nikajisemea, hawa wananchi ni wachapakazi. Nikarudi kunyoosha pazia.

Mchana Landrova ya Mzee ikasimama mlangoni. Nikatoka mbio bila kutazama kando, nikasimama wima, mgongo wangu kwenye lori, uso kwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Kazi imekwisha. Vitu vyote vimeshuka, hakuna kilichovunjika, na lori liko tupu kabisa."

Nyuma yangu jogoo akawika.

Mzee akatazama juu ya bega langu. "Ambakisye," akasema, "hilo tupu ndilo linalowika?"

Nikageuka. Lori limejaa mpaka juu. Vitanda, masufuria, magunia, vinu, mbuzi wawili, na juu kabisa, kwenye godoro lake, Bibi Kikoti na kuku wake waliofungwa miguu kama nilivyoagiza. Pembeni watu wamekaa juu ya mafurushi wakisubiri zamu.

Hapo balozi akafika kutoka shambani, jembe begani, jasho linamtoka. "Mbona mimi sina habari?" akauliza. "Operesheni ya vijiji, ya kuhamishia watu Idodi, inakuja kwangu halafu balozi haambiwi? Nani kasema watu wahame?"

Vidole vyote vikanielekea mimi.

"Ni huyu kijana wa Serikali," Bibi Kikoti akasema kutoka juu.

"Bibi, mimi ni karani wa cherehani," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliyeulizia Idodi alikuwa amesimama na mlango wa nyumba yake mgongoni. Aliung'oa mwenyewe, kwa sababu mimi nilisema lori linakuja. Pale moyo uliniuma, jamani, sifanyi utani. Nilitamani nijifunike na lile pazia nililokuwa nalinyoosha.

Mzee hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema tu, "Tawi nilikuwa nikupe mimi. Sasa waombe hawa." Akavuta kiti, akakaa barazani kutazama.

Nikavua koti la suti. Nikaomba radhi nyumba kwa nyumba, nikabeba vitu vyao kuvirudisha. Mlango nikaupigilia mwenyewe. (Unafungukia nje sasa, lakini unafunguka.) Bibi Kikoti ndiye alikuwa wa mwisho. Alitembea mbele na jogoo kwapani, mimi nyuma na kitanda, akinielekeza: "Kizito kinatangulia, baba. Cha kuvunjika kinafuata. Na pasiwe na ubishi." Ndipo mtaa mzima ulipoangua kicheko, wa kwanza akiwa yule mzee wa mlango.

Nilipomaliza, bibi akatoa cherehani kuukuu ya mkono chini ya magunia, akanifuata nayo mpaka barazani kwetu. "Hii inakata uzi tangu mwaka juzi. Mahali pake ni wapi?"

"Mezani kwangu, bibi."

Mzee akasikia. Akainuka, akanitupia ufunguo wa ofisi, akaingia kwenye gari.

Kwa hiyo tawi nimepata. Jina pia nimepata: mtaa mzima wananiita Bwana Operesheni, na Sanga ameshalishika. Naomba msicheke. Atakayecheka, namletea lori.