Ua la Viazi kwa Meza ya Jemutai

Jumatatu, 9 Juni
Mjukuu wangu Jemutai anaolewa Agosti. Ametangaza kwamba mimi na Wangeci, nyanya ya bwana harusi, kila mmoja achore ua alilolitazama kwa macho yake. Litakalompendeza litashonwa kwa kitambaa cha meza ya maharusi. Mimi nimemlea huyu mtoto hapa Olenguruone! Nishindanishwe na mtu wa Milimani, kwa matajiri wa mjini! Kusoma kwenyewe nimejifunza juzi, kwa darasa la ngumbaru. Kuchora nitajulia huko mbele.

Jumanne, 10 Juni
Nimechora ua la viazi. Jeupe, katikati manjano kama yai. Miaka hamsini nalipanda, sijawahi kuliangalia usoni. Machozi yalinitoka. Jirani yangu Chepkemboi akauliza kama hiyo ni feni. Mjinga! Nikampa chai hata hivyo, alikuwa amenyeshewa.

Jumatano, 11 Juni
Nimesikia Wangeci anachora waridi. Hatari! Nikampigia simu, nikamwambia kwa sauti ya huruma kuwa Jemutai akiona waridi anapiga chafya wiki nzima. Akaniita dada. Akaniombea baraka. Nikasema amina. Nina akili, mimi!

Alhamisi, 12 Juni
Nimeongeza majani. La kwanza lilikuwa na madoa meusi, nikachora madoa. La pili pia. Yote! Viazi vya mwaka huu vimejipamba vyenyewe.

Jumapili, 15 Juni
Wamekuja kwangu wote. Wangeci akafunua karatasi: pareto! Ua letu la huku juu! Akaeleza kwamba kwa sababu ya ile chafya, alirudi Molo alikochuma pareto utotoni, akakaa kwa tope akachora. Jemutai akamkumbatia. Akaniuliza, Kogo, nyanya yangu, chafya gani? Nikaenda kuangalia chai.
Langu likashikwa na Kabiru, bwana harusi, wa ofisi ya kilimo. Nikajua huyu ana macho. Akauliza shamba liko wapi, akatoka mbio na viatu vya kanisa. Akapiga kelele toka huko, majani yanaoza! Kumbe yale madoa ni ugonjwa. Amepiga dawa hadi jioni. Anasema ningengoja wiki moja, nisingechimba hata kiazi kimoja.

Jumatatu, 16 Juni
Wangeci ameshinda kitambaa. Sawa. Nimeanza shuka ya mtoto wao wa kwanza kabla hajashtuka. Mtoto bado hayuko. Nimechora kiwavi niliyemkuta kwa mahindi. Mnene, ana miguu maridadi! Na wamejaa shamba zima, sitakosa wa kutazama.