Mstari Ulionyooka Kama Rula

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo! Mkuu wa idara anatafuta msimamizi wa maabara ya udhibiti wa mitambo. Ijumaa kila mhandisi ataonyesha mtambo wake. Atakayemridhisha ndiye bosi. Tuko wawili: mimi na jirani yangu wa meza, ninayemwita Desimali, maana hata salamu huijibu kwa usahihi wa nukta mbili. Mashindano gani hayo? Mimi nimepita viwanda vya nchi tatu. Vitabu vya udhibiti nimesoma nusu ya kila kimoja. Nusu ya pili huwa marudio tu.

Nimemwambia mke wangu cheo nimeshapata. Kwani kuna tofauti?

Jumanne, 5 Machi

Ipo. Mke wangu kamwambia kaka yake, na shemeji yule hana kifuniko. Asubuhi muuza magazeti kaniita Bwana Msimamizi. Sasa nikishindwa nitahamia wapi?

Mtambo wangu: tangi, pampu, na kihisi cha kupima kina. Maji yabaki nusu ya tangi hata mtu akifungua bomba la chini. Nimeipa pampu nguvu zote. Maji yanapanda, yanashuka, yanapanda, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Desimali kanishauri nipunguze. "Unaifokea mno, ndugu yangu. Iambie taratibu." Ushauri wa adui! Nimeukataa.

Jumatano, 6 Machi

Bahati! Nilipofunga bomba, maji yakatulia, mstari kwenye skrini ukanyooka kama rula. Nimeurekodi. Keshokutwa nachomoa waya wa kihisi, napachika rekodi. Nani atatazama tangi na skrini ipo? Wasomi hawa hata mvua huitazama kwenye simu.

Alhamisi, 7 Machi

Mota ya mtambo wa Desimali imeungua! Alikaa ameishika kama kifaranga aliyekufa. Furaha yangu haikufika hata saa ya chai. Nikampa mota yangu ya akiba. Akashukuru mpaka nikakasirika. Moyo huu utaniponza.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu kafungua bomba mwenyewe. Mstari haukutikisika. Akasema hajawahi kuona utulivu wa namna hii. Nikaanza kumweleza falsafa yangu.

Nilichosahau: pampu nayo inasoma waya uleule wa skrini. Rekodi ilisema maji yamepungua unywele. Pampu, mtumishi mwaminifu, ikasukuma. Ikasukuma tena. Desimali akaninong'oneza, "Kaka, tangi!" Nikamwambia aache wivu mbele ya wakubwa.

Mkuu akauliza kwa nini soksi zake zimelowa. Nikamwonyesha skrini. Nikamhakikishia kwamba kwa mujibu wa vipimo, sakafu ni kavu.

Cheo kapewa Desimali. Kwa mtambo unaozungushwa na mota yangu!

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kaja na kreti ya soda kunipongeza. Nimekunywa mbili; ningemvunja moyo mtu wa watu? Alipoondoka nikamwambia mke wangu cheo kimeahirishwa. Akauliza mpaka lini. Nikajifanya nakohoa.

Jioni bosi mpya kanipigia. Maji nisiyaguse tena. Kanipa tanuri la umeme. Akaomba safari hii kihisi nikiache mahali pake. Nimemwahidi.

Nimetafakari sana. Rekodi haikuwa na kosa. Kosa ni la maji: hayana siri, yanakuaibisha mbele za watu. Jumatatu naanza kurekodi tanuri.

Moto haumwagiki.