Kiazi Hakijasoma Kanuni

Haraka ya chakula huanza lini: mteja anapoingia mlangoni, anapotaja anachotaka, au tumbo linapoanza kunguruma akiwa bado nyumbani? Swali hilo nilikabidhiwa siku yangu ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, na ninakiri kwa unyenyekevu kwamba miaka mitatu ya kusomea utawala wa umma haikuwa imeniandaa kulijibu.

Mamlaka ya Kasi ya Vyakula vya Haraka ilikuwa imezinduliwa mwezi huohuo. Katika hafla iliyochelewa kuanza kwa saa tatu tu, Mkurugenzi alipanda jukwaani akatangaza: "Kuanzia leo, hakuna mwananchi atakayesubiri chipsi zaidi ya sekunde tisini! Sheria hii haina macho. Hata mimi ikinikuta, inifunge!" Tulipiga makofi. Hotuba ilidumu saa mbili. Chipsi za wageni zilikuwa zimepoa na kukakamaa, jambo ambalo Mkurugenzi alilitaja kuwa ushahidi kwamba zilikuwa zimewahi.

Nilipangwa Kitengo cha Upimaji, chini ya mzee mmoja mwembamba mwenye cheo cha Mpima Mkuu. Nilipewa saa ya kubonyeza, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Kuitoa stoo kulichukua siku tisa, kwa kuwa ilihitaji sahihi ya afisa aliyekuwa nje ya nchi kwa miezi miwili akijifunza wepesi.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kubandua kwenye kuta za migahawa methali isemayo haraka haraka haina baraka. Kamati ya Misemo ilikuwa imebaini kwamba inapingana na sera. Ile ya ngoja ngoja yaumiza matumbo ilipandishwa cheo.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Wenye migahawa walianza kukaanga chipsi alfajiri ili mchana ziwe tayari kupoa. Mgahawa mmoja ulitunukiwa cheti cha dhahabu kwa kumkabidhi mteja kuku ndani ya sekunde nne. Kuku huyo alikuwa ameagizwa na mteja mwingine, jana yake.

Tatizo lilibaki moja, nalo lilikuwa la ukoo. Mdogo wake mama yangu ana mgahawa wa meza sita nyuma ya karakana ya matairi. Nilijifunza kusoma katika jiko lile, kwa maandishi ya magaloni ya mafuta. Kwa miaka kumi na sita mama mdogo hajawahi kumenya kiazi kabla mteja hajaketi. Nilipojua kwamba zamu yake imefika, nilijaza Fomu ya Kutangaza Undugu. Nilijibiwa kwamba suala langu litashughulikiwa kwa siku tisini za kazi, na kwamba kwa sasa nisimfahamu.

"Karibu, mwanangu!" alisema alipotuona. "Mbona umekonda? Huko chuo hawali?"

"Bibi mwenye mgahawa," nilisema, nikiitazama karatasi yangu, "sisi hatufahamiani."

"Heh! Tangu lini? Na nepi zako nilizofua, zilikuwa za nani?"

"Suala hilo liko mezani kwa Afisa Undugu."

Mpima Mkuu aliagiza chipsi kuku. Nilibonyeza saa. Mama mdogo alichagua kiazi, akakigeuza, hakikumridhisha, akachagua kingine. Ilipofika sekunde ya tisini, viazi vilikuwa ndiyo kwanza vinaoshwa.

"Mama, umechelewa," alisema Mpima Mkuu.

"Nimechelewa kwenda wapi, baba? Kiazi kiko hapa, mimi niko hapa, na wewe hapo umekaa."

"Kanuni inasema sekunde tisini."

"Basi kiambie kiazi. Mimi sikukisomesha."

Sahani ilifika baada ya dakika kumi na nne. Mpima Mkuu alikula yote kwa ajili ya ushahidi. Akaagiza ya pili kwa ajili ya ulinganisho. Kisha alijifuta vidole na kuandika pendekezo: mgahawa ufungwe Ijumaa.

"Lakini mzee," nilimnong'oneza, "zilikuwa tamu."

"Mno," alisema kwa huzuni. "Ila utamu hatuna kifaa cha kuupimia."

Mama mdogo aliinama akaokota maganda yaliyoanguka. "Wakifunga hapa, mimi sina kingine," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ujue hilo, wewe mtu nisiyekufahamu."

Ijumaa nilifika ofisini na kibandiko chekundu chenye neno PAMEFUNGWA. Kilikuwa cha mwisho. Zabuni ya vingine ingetangazwa mwaka ujao. Kilichokosekana ni sahihi ya Mkurugenzi tu, naye alikuwa anakwenda kula.

Hapa yafaa nieleze kwamba Mamlaka ilikuwa na Kikaangio cha Rejea, kilichonunuliwa ili kuonyesha nchi nzima kasi inavyopaswa kuwa. Kilikaa ghorofa ya chini, nyuma ya kaunta ndefu, na kila mchana wafanyakazi walipanga foleni mbele yake wakiwa na mafaili, ili wasionekane wanangoja chakula.

Nilikaa kwenye benchi kando ya foleni na kuzisoma Kanuni. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuzisoma hadi mwisho, kwani kurasa za nyuma zilikuwa bado zimeshikana. Kifungu cha pili kilisema kwamba mgahawa wa chakula cha haraka ni mahali popote penye kaunta, foleni na mafuta ya moto. Kifungu cha tisa kilisema kwamba uamuzi wa mwenye saa ni wa mwisho, na haukatiwi rufaa, hata kwa Mkurugenzi. Hicho alikiandika Mkurugenzi mwenyewe, ili wenye migahawa wasimsumbue.

Niliinua macho. Kaunta. Foleni. Mafuta yalikuwa yanachemka.

"Chipsi, sahani moja," alisema Mkurugenzi, aliyepishwa hadi mbele. Nilibonyeza saa.

"Fomu ya viazi, mheshimiwa," alisema mpishi. "Nakala tatu."

"Hizi hapa. Fanya chapchap, nina njaa!"

"Hazina muhuri."

"Muhuri si uko ofisini kwangu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Umefungiwa kabatini. Ufunguo unao wewe."

Mkurugenzi alijipapasa mifuko yote, hata ya shati. "Nimeuacha kwenye gari."

"Gari kaondoka nalo dereva. Kaenda kula."

"Kula wapi, wakati chakula kiko hapa?"

Mpishi alikohoa. "Kwa yule mama wa nyuma ya karakana, mheshimiwa. Huenda huko kila siku. Anasema kule ni haraka zaidi."

Tuliendelea kungoja. Mkurugenzi aligonga kaunta, akaangalia saa yake, akaangalia dari, akatamka maneno ambayo Kamati ya Misemo haijawahi kuyajadili. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu: haraka huanza mkubwa anapoona njaa. Ilipotimia dakika ya arobaini na saba, na kiazi cha kwanza hakijaguswa, nilisimama, nikabandua karatasi ya nyuma ya kibandiko, nikakibandika katikati ya kaunta na kukilainisha kwa kiganja ili kisitoke.

"We binti! Una wazimu? Hicho ni cha yule mama!"

"Kilikuwa kimoja tu, mheshimiwa."

"Mpima Mkuu! Mwambie huyu mtoto!"

Mpima Mkuu alivaa miwani, akasoma kifungu cha pili, akasoma cha tisa, akaiangalia saa shingoni mwangu. "Amepima sawasawa, mheshimiwa," alisema, na tayari alikuwa anatafuta kofia yake. "Nawahi meza ya dirishani."

Foleni nzima ilinigeukia, mafaili mikononi, Mkurugenzi akiwa namba moja.

"Ofisi hii nimeifunga," niliwaambia. "Mgahawa wa mama mdogo sitaufunga. Ni mdogo wake mama yangu, na ninamfahamu. Mwenye njaa aende kwake, na akifika atasubiri."