Matundu ya Ghorofa ya Tano

Jumatatu, 9 Juni

Zimebaki siku nne. Ijumaa miezi yangu sita ya majaribio inaisha, na nafasi ya mkuu wa kitengo cha usalama wa mtandao ni moja tu. Tunaoigombea ni wawili: mimi na Bi Viraka. Tuliajiriwa siku moja katika kampuni hii ya bima, tukapewa meza zinazotazamana. Kazi yangu ni kuendesha programu inayobisha hodi kwenye kila kompyuta ya jengo hili, kuona ipi imeacha mlango wazi. Kila mlango wazi tunauita tundu. Kazi yake ni kuyaziba, ndiko jina lilikotoka. Mimi nasema, yeye anatenda. Nani mkuu hapo? Mwenye akili hahitaji kuambiwa.

Meneja wetu ni Mzee Kijani. Tumempa jina hilo kwa sababu ripoti haisomi, anaangalia rangi. Nyekundu humpandisha presha. Kijani humfanya aagizie ofisi nzima chai. Leo ilikuwa nyekundu tupu, matundu 412. Akasema Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu, na atakayeleta ripoti ya kijani ndiye mkuu. Mwingine aanze kutafuta kazi kwingine, mkataba wa pili haupo.

Sasa balaa lenyewe. Mke wangu nimeshamwambia kwamba cheo nimekipata. Tangu wiki iliyopita. Iliniponyoka tukiwa tunakula, na alivyofurahi sikuweza kuirudisha. Yeye akamwambia baba yake. Baba mkwe ni mwashi. Amestaafu, ila mikono yake haijapata habari. Ananitengenezea kibao cha saruji cha kubandika ukutani, herufi zimechongwa: MKUU WA KITENGO CHA USALAMA. Jina langu hakuweka, anasema cheo kinajitosheleza. Ijumaa atakileta ofisini mwenyewe.

Nimekwisha.

Jumanne, 10 Juni

Sijakwisha! Programu ina kitufe kinachosema "Hatari imekubaliwa". Ukikibonyeza, tundu linaacha kuwa jekundu bila mtu kuliziba. Unaandika sababu, basi. Nimebonyeza mara 190 kabla ya chakula cha mchana. Sababu ya yote: "Inajulikana."

Asubuhi hiyo hiyo Bi Viraka alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya karani wa madai, anazima, anawasha, anasubiri. Aliziba tisa. Nilimwonea huruma kidogo.

Huruma iliisha saa nane. Alikuja mezani kwangu akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama nimeyasoma niliyoyakubali. Eti mojawapo ni la kompyuta yenye taarifa za wateja wote, na neno lake la siri ni lile lile ililotoka nalo kiwandani. Nikamjibu kwamba inajulikana. Akasema ndiyo shida yenyewe, maana hata wezi wanalijua. Ofisi nzima ikacheka. Mlinzi naye akacheka, na hata kompyuta hana. Kabla ya saa kumi yote 190 yalikuwa mekundu tena, kwa amri ya Mzee Kijani.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona sili. Nikasema uongozi unachosha.

Jumatano, 11 Juni

Kama yangu hayapungui, basi ya mwenzangu yaongezeke. Bi Viraka anajivunia ghorofa ya pili, eti ameimaliza. Nikaielekeza programu huko, nikaiweka kwenye nguvu zote, mchana, watu wakiwa kazini. Kitabu cha maelekezo kinakataza hilo kwa herufi nzito. Vitabu vya maelekezo huandikwa na waoga.

Nilisahau kwamba printa nazo zina milango. Zilipobishiwa hodi zikadhani zimetumwa kuchapisha. Zote saba. Kurasa kwa kurasa za nyota, mistari na alama za kuuliza. Karani wa madai akachomoa waya huku anaomba dua. Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuwa akisubiri barua ya fidia ya marehemu mumewe tangu asubuhi. Akakabidhiwa karatasi sita za nyota. Akazigeuza, kisha akauliza kwa adabu aweke sahihi wapi.

Hiyo ilinichoma. Nilitaka kumpa pole, lakini ingebidi nieleze kwa nini naitoa mimi. Bi Viraka akaketi naye, akamwandikia barua kwa mkono, akaipeleka mwenyewe ikagongwa muhuri. Kwangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Mzee Kijani ndiye aliyesema. Nikamwambia ni virusi. Akauliza, sasa wewe hapa kazi yako ni ipi? Nimelifikiria swali hilo njia nzima.

Alhamisi, 12 Juni

Baba mkwe alipita asubuhi kunionyesha kibao. Kinabebwa na watu wawili. Na ni kizuri, hicho ndicho kinachoniua. Herufi zimenyooka utadhani zilipigiwa kamba ya fundi. Akapitisha kidole juu yake polepole, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba anamshukuru Mungu kuona familia yake sasa ina wanaume wawili wanaoishi kwa kuziba nyufa. Nilikaribia kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akauliza ukuta wa ofisini ni wa tofali au wa mbao, nikasema wa tofali. Ndilo neno pekee la kweli nililolisema wiki hii.

Kazini nikakaa na huo ufa wake kichwani. Nikajiambia: ukuta usiojengwa hauna ufa.

Jengo letu lina ghorofa nne. Ila waliofunga mtandao zamani waliambiwa itakuja ya tano, wakaitengea anwani zake za kompyuta kabisa, zaidi ya mia mbili. Haikujengwa. Juu kule kuna tangi la maji na kamba ya kuanikia matambara ya kudekia. Nikaipeleka programu ghorofa ya tano, nguvu zote. Ikabisha hodi, ikabisha, hakuna aliyeitika.

Matundu: sifuri. Ripoti ya kijani mwanzo hadi mwisho! Nimeitazama mpaka macho yakauma. Bi Viraka kwa siku nne ameziba 163, yamembakia 249. Nyekundu. Maskini wa watu, na magoti yake yale.

Ijumaa, 13 Juni

Mkono mzito, lakini naandika.

Mzee Kijani aliifungua ripoti yangu mbele ya mkaguzi, akanipa mkono mara mbili. Akaagiza chai. Bi Viraka aliitazama ripoti, akanitazama mimi, kisha akaweka yake mezani. Kwa dakika kama nne hivi nilikuwa mkuu wa kitengo. Sitazisahau.

Mkaguzi ni mama mfupi, miwani yake ina kamba shingoni. Rangi hazimhusu. Alisoma mstari mdogo chini ya ukurasa wa kwanza, mstari ambao kwa miezi sita sijawahi kuusoma: "Mashine zilizokaguliwa: 0." Akauliza imekuwaje. Nikasema ghorofa ya tano iko salama sana. Akauliza iko wapi. Mzee Kijani akatazama dari. Sote tukatazama dari. Akaitwa mlinzi, akaeleza kwamba juu ya ghorofa ya nne kuna tangi tu, na kwamba linavuja, alisharipoti mara tatu.

Bi Viraka ndiye mkuu. Mimi nina mwezi mmoja wa kukabidhi kazi. Akaruhusiwa atoke, nikabaki peke yangu kuhojiwa.

Kumbe baba mkwe alikuwa ameshafika. Ana kibao kwenye toroli, ana mwiko na ndoo ya saruji, jasho linamtiririka, anauliza mapokezi ofisi ya mkuu mpya ni ipi. Wakamwelekeza, na ndivyo alivyokutana na Bi Viraka mlangoni. Haya nimesimuliwa na mlinzi. Bi Viraka akakisoma kibao. Akamsikiliza mzee akisema mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Akaelewa. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Badala yake akamwamkia, akamletea kiti na maji ya kunywa, akasema mkwewe yuko kikaoni na wakubwa, na ukuta ndio huu, baba, karibu.

Nilipotoka nikakuta kimeshashika. Kando ya mlango wa Bi Viraka, sawasawa, hata kipimamaji kisingekuta kosa. Baba mkwe akajifuta mikono, akanishika bega. Mzee yule sijawahi kumwona na machozi. Nilitamani anipige.

Baadaye akanipa maagizo. Saruji mbichi isipopata maji hupasuka, kwa hiyo kimwagiwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Wikiendi mlinzi atasaidia, kuanzia Jumatatu ni mimi. Nikasema ndiyo, baba.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Viraka aliniita ofisini. Hakunisema. Akasema yeye baba mkwe wangu hajamwambia lolote wala hatamwambia, mwenye kumwambia ni mimi. Kisha akanipa orodha ya matundu 249. Nikiziba arobaini mwezi huu, kwa mikono yangu na si kwa kitufe, atamwombea Mzee Kijani aniongezee mkataba. Nilishukuru. Nimeapa. Mtu mpya!

Nikaketi nianze la kwanza. Ni la ile kompyuta yenye neno la siri la kiwandani. Kazi ya dakika kumi.

Ndipo nikakumbuka kibao. Kisipopata maji kitapasuka. Kikipasuka, baba mkwe lazima aje kukitoa na kutengeneza kingine. Safari hiyo nitamwelekeza mimi mwenyewe, akibandike ukuta wa nyuma ya meza yangu. Kibao kikishaganda hapo, nani atathubutu kunifukuza? Asubuhi sikukimwagia. Mchana nilipita mara tisa kutafuta ufa. Nina uzoefu, ndiyo kazi yangu. Bado, lakini kilikuwa kimeanza kupauka, nikapata moyo.

Saa kumi na moja nikapita mara ya kumi. Kimelowa chepechepe! Bi Viraka amesimama na kikombe chake cha chai kimejaa maji, anakimwagia taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Akasema alidhani nimesahau, na mzee asije akasikitika.

Matundu niliyoziba leo: hakuna. Kesho nitawahi kabla yake, nikifiche hicho kikombe.