Mama Mkwe, Mbona Bado Mnanikata?

Katoro, Geita

Kwa Katibu wa Tawi, Chama cha Watumishi Tushikamane, ambaye pia ni Mama Mkwe wangu, Bi Bernadina.

Yah: KUENDELEA KUKATWA ADA BAADA YA KUJITOA CHAMANI

Shikamoo Mama. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimegeukia ukutani, maana hata kwenye karatasi naona haya kukuelekea.

Kama ujuavyo, mimi ni mkaguzi wa nyama hapa machinjioni. Nilijitoa chamani kwa barua tangu Machi, na mpaka leo mshahara wangu unakatwa ada. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikujitoa kwa ubahili kama inavyosemwa. Nilijitoa kwa heshima. Tangu uchaguliwe katibu, katika kila mkutano wewe unakaa mbele, nami natakiwa nikutazame na kukupigia makofi. Kwetu Usukumani mkwe hamkazii macho mama mkwe wake wala hampi mkono. Siku ya Mei Mosi mwaka jana ulipocheza mbele ya jukwaa na fulana ya chama, nilijifunika uso kwa kofia ya chama, wenzangu wakidhani nalilia maslahi ya wafanyakazi.

2. Mlinijibu kwamba hata asiye mwanachama hukatwa, kwa kuwa chama kikipigania nyongeza naye anaipata. Sawa. Lakini hoja hiyo imeshatoka nje ya ofisi. Kwaya niliyoiacha imenidai mchango wa sare, eti nyumba yangu iko karibu na kanisa na nyimbo nazisikia bure. Kesho sijui atakuja nani.

3. Nimepeleka shauri kwa wasuluhishi. Wameniambia Alhamisi mimi na katibu wa tawi tutakaa meza moja, tutazamane, tuzungumze mpaka tuelewane. Mama, huo si usuluhishi, huo ni utovu wa adabu. Naiogopa meza hiyo kuliko makato yenyewe.

4. Ili kuepusha aibu, nilimwomba mke wangu Justa tuachane kwa muda, mpaka shauri liishe, ili kwangu ubaki katibu tu. Binti yako amekataa. Tangu siku hiyo anapika chakula cha mtu mmoja, na mtu huyo si mimi.

5. Hata kazini sina raha. Jumamosi iliyopita ulikuja mwenyewe machinjioni kuchagua maini. Nilipokuona niliruka ukuta wa nyuma na muhuri wangu mkononi, nikajikunyata kwenye shamba la mihogo hadi ulipoondoka. Najua uliniona, kwa sababu ulikohoa. Mimi, mtu mzima, mwenye cheti! Iliniuma sana.

6. Kwa hiyo naomba ada ikome mara moja. Ikishindikana, ujiuzulu ukatibu. Hilo nalo likishindikana, chama kimchague katibu ambaye hajazaa binti.

Nisalimie Baba, mashemeji wote, majirani, na wale ng'ombe niliowaleta mimi, kama bado wako hai.

Ni mimi mkweo, asiye mwanachama,
Abel Maganga

N.B. Mama, kabla sijafunga bahasha nimeletewa barua ya mwajiri. Natakiwa nijieleze kwa nini Jumamosi iliyopita nyama ya ng'ombe mzima ilitoka machinjioni bila muhuri, na mkaguzi hakuonekana. Kazi inaweza kuota mbawa. Aliyeniona nikiruka ukuta, na anayejua nilimkimbia nani, ni wewe peke yako. Na chama hutetea wanachama tu. Basi nimeitazama tena karatasi yangu ya mshahara: mwezi huu nimekatwa kama kawaida, ushahidi kwamba sijawahi kutoka. Tafadhali msiache kunikata. Ile barua ya kujitoa ifungie maandazi. Shauri la Alhamisi nimelifuta. Ijumaa ndiyo naitwa na mwajiri. Njoo tukae upande mmoja wa meza. Mimi nitatazama dirishani, wewe nisemee.