Upanuzi wa Parki ya Hilaire

Mzungu mmoja wa maonyesho, kwa kuogopa vurugu za uhuru, alifunga virago na kuacha kando ya barabara ya Kamatanda farasi sita wa mbao juu ya gurudumu kubwa la kuzungushwa. Wawili hawakuwa na vichwa. Mtu mwingine angeona kuni. Hilaire aliona taasisi ya taifa.

Akachora kibao: PARC NATIONAL YA KATANGA. Kwa majuma mawili alizunguka Likasi na suti yake ya kijivu, akieleza kwa huzuni ya padri mazishini kwamba Katanga, baada ya kujitenga na Kongo, sasa ina bendera, stempu na pesa yake yenyewe, lakini ina farasi sita tu. Wageni wakija watasema nini? Parki kuu ya nchi haiwezi kubaki na ukubwa wa kiwanja cha kuanikia mihogo. Lazima ipanuliwe. Yeye hakuomba pesa, maana pesa huwafanya watu waulize maswali, aliomba vifaa. Barnabé, fundi mwashi, akaleta matofali na saruji. Maseremala wakaleta mbao. Mama Mayimuna, mjane mwenye duka la vyombo, akaleta mabati. Kila mmoja akapewa hati ya mwanahisa, yenye muhuri uliochongwa kwenye kiazi.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Jumamosi Aruna dereva angekuja na lori, mzigo wote uende ukauzwe Élisabethville, na Hilaire asionekane tena.

Alhamisi, kwenye mkutano, Mayimuna alisimama. Akaisifu hotuba, akasema imemgusa mpaka akashindwa kula. Kisha akauliza kwa upole:

"Na weye, Directeur, unatiya nini mu hii parc?"

Watu wote wakamgeukia. Hilaire akafikiri haraka: chochote atakachotoa leo, Jumamosi kitapanda lori pamoja na vingine. Basi akatoa kwa mbwembwe baiskeli yake, redio, hata kitanda. Wakampigia makofi mpaka akalia kidogo, na machozi hayo hayakuwa ya uongo mtupu.

Ijumaa alikwenda Mwadingusha kumuaga Eugénie, mchumba wake, bila kumwambia kwamba anamuaga.

Jumamosi aliporudi alikuta uwanja umejaa watu. Barnabé alikuwa ameinua ukuta hadi kifuani. Mabati yamekuwa paa. Redio inaimba. Kitanda chake kilining'inia kwa kamba, na bibi wawili walikuwa wakibembea juu yake wakicheka kama wasichana. Baiskeli ilikuwa imesimikwa kwa saruji, na mnyororo wake umeunganishwa na gurudumu la farasi. Lori la Aruna lilikuwepo pia, likishusha wateja kutoka Mulungwishi.

Hilaire akamvuta Aruna kando, akamuuliza habari za mzigo. Aruna alitazama viatu vyake, akakiri kwamba Mayimuna ni dada ya mama yake, na kwamba yeye Aruna ndiye aliyemweleza mpango wote tangu juma lililopita.

Mayimuna mwenyewe akasogea, hati mkononi.

"Minye najua ulitaka kutuibia," akasema. "Lakini maneno yako ilikuwa ya kweli, parc ilikuwa kidogo sana. Sasa chagua: tuite polisi, ao upande kinga yako, hii baiskeli, upige pedali. Bantu beko banangoja."

Hilaire aliitazama barabara. Kati yake na barabara walisimama wanahisa arobaini, kila mmoja na muhuri wake wa kiazi. Akavua koti, akapanda baiskeli.

Farasi wakazunguka. Wale wawili wasio na vichwa ndio waliogombaniwa zaidi.

Saa kumi alasiri foleni ilikuwa imefika barabarani, na Hilaire hakuisikia tena miguu yake. Mayimuna akamletea sahani ya bukari na samaki, akamwambia kesho, watu wakitoka kanisani, watakuja mara mbili ya hawa. Hilaire alikula bila kuinua kichwa. Kisha, mdomo ukiwa bado umejaa, akauliza kama miongoni mwa wanahisa hakuna mwenye kinga ya pili, na miguu ya kuipigia pedali.